Nani Anafungua Boneti?

Shuleni tulipewa maswali ya kukiulizia kila kitabu: dhamira ni ipi, migogoro ni ipi, wahusika wamejengwaje, msimamo wa mwandishi ni upi. Sina ugomvi nayo, yametuvusha mitihani. Lakini ziko hadithi ambazo maswali hayo yanazizunguka tu kama inzi mpaka uongeze swali la kwako. Kwa hadithi za magari, la kwangu ni hili: nani anafungua boneti? Mtunzi akinijibu vizuri, nitamfuata mpaka lami iishe. Asiponijibu, basi hata agongeshe magari hamsini, mimi nitakuwa napiga miayo.

Nazisemea hapa hadithi za yale magari ya Marekani ambayo wenyewe waliyabatiza magari ya misuli. Asiyeyajua kwa jina anayajua kwa sura: lile Dodge Charger jeusi la mwaka 1970, la Dominic Toretto, kwenye picha ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001. Wengi wetu tulilionea kwenye mabanda ya video, benchi moja watu sita. Kwa hiyo hadithi hizi zimetufikia kabla hata ya kuliona gari lenyewe. Ndiyo maana naona zinastahili kuhakikiwa, siyo kupigiwa makofi tu.

Kwanza tulijue gari. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac, iliyokuwa tawi la General Motors, ilichukua gari lake la ukubwa wa kati, Tempest, gari la baba kwenda kazini na mama kwenda sokoni, ikalitia injini ya silinda nane ya inchi za ujazo 389, yaani kama lita 6.4, iliyotengenezwa kwa magari makubwa. Sheria ya ndani ya General Motors ilikataza injini zaidi ya inchi 330 kwenye magari ya ukubwa huo. Basi wajanja wa Pontiac hawakusema wameunda gari jipya; walisema ni nyongeza tu ambayo mteja anaweza kuichagua. Nyongeza hiyo waliiita GTO. Mwaka huo wa kwanza yaliuzwa 32,450. Makampuni mengine yakafuata mbio, na kijana mwenye ajira ya kawaida akaweza kununua kwa mkopo gari lenye nguvu kuliko akili yake. Halafu mambo yakageuka. Bima zikapanda, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikabana moshi, mafuta yakaadimika mwaka 1973. Katikati ya miaka ya sabini enzi ilikuwa imekwisha.

Yaliyobaki yakaangukia mikononi mwa wapenzi, na mapenzi yenyewe ni ya kuchafuka. Gari la enzi hizo halina kompyuta. Lina kabureta ya kusafishwa na kurekebishwa, lina pointi za kupimwa, lina taiming ya kusetiwa kwa sikio na kwa taa. Injini nyingi ziliundwa kwa petroli yenye risasi, na Marekani ilipiga marufuku petroli hiyo kwa magari ya barabarani tangu mwaka 1996. Kwa hiyo wengine wamelazimika kubadili viti vya valvu, wengine wanachanganya dawa kwenye tangi. Wako wanaokesha wakilinganisha namba za injini na za bodi kuona kama gari ni lile lile lililotoka kiwandani, maana bei inategemea hilo. Na wakienda kushindana, uwanja wao mkuu ni robo maili, mita 402 za kunyooka. Gari zuri la aina hii, kama lilivyotoka kiwandani, linamaliza kwa sekunde kumi na tatu au kumi na nne. Wikiendi nzima ya spana kwa sekunde kumi na nne za mbio! Sasa mtunzi akituonyesha zile sekunde tu, amechukua kapi akatuachia nini?

Tuanze na mfalme. Bullitt ni picha ya mwaka 1968, mwongozaji ni Peter Yates, stelingi ni Steve McQueen. Mustang ya kijani na Charger jeusi wanafukuzana kwenye vilima vya San Francisco kwa takriban dakika kumi, na aliyeiunganisha picha hiyo, Frank P. Keller, alipata tuzo ya Oscar. Aliistahili. Hakuna muziki wakati wa kasi yenyewe. Injini ndizo zinazoimba. Lakini iangalie kwa jicho la gereji. Charger linapoteza vifuniko vya magurudumu vingi kuliko magurudumu liliyonayo. Volkswagen moja ya kijani inapitwa, halafu inapitwa tena, halafu tena. Watazamaji hucheka. Mimi sichekeshwi sana, kwa sababu kosa hilo limesema kweli bila kukusudia: kwenye hadithi hii gari halina mwili. Linaruka kilima, linatua kwa kishindo, halivuji, halichemshi, halina kesho. Mpelelezi Bullitt hafungui boneti kwa sababu mtunzi hajui kwamba ipo.

Cha ajabu, Mustang lenyewe lilikuja kuishi hadithi nzuri kuliko ile ya kwenye picha. Mwaka 1974 familia moja ililinunua kupitia tangazo la jaridani, kwa dola elfu kadhaa. Mama wa nyumba hiyo, mwalimu, akawa analiendesha kwenda kazini. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe alimwandikia mwenye gari akiomba auziwe. Hakuuziwa. Klachi ilipokufa likaegeshwa, likakaa kimya miaka mingi, mpaka mwaka 2018 lilipotolewa hadharani. Januari 2020 likapigwa mnada Florida, nyundo ikagongwa kwenye dola milioni 3.4, likiwa bado na makovu yake, halijapakwa rangi mpya. Fikiria riwaya hiyo! Mtu mashuhuri kuliko wote anakuomba gari bovu ulilonalo uani, nawe unasema hapana, halafu unalitazama miaka arobaini ukiwaza klachi. Hapo kuna mgogoro, kuna ndoa, kuna pesa, kuna muda. Hakuna hata kufukuzana.

Vanishing Point, ya mwaka 1971, iliyoongozwa na Richard Sarafian, ni kazi ya kichwa zaidi. Aliyeandika mwongozo wake ni Guillermo Cabrera Infante, mwanariwaya wa Cuba aliyekuwa anaishi uhamishoni London, akitumia jina la Guillermo Cain. Kowalski analipeleka Dodge Challenger jeupe kutoka Denver hadi San Francisco. Gari siyo lake. Kazi yake ni kuyafikisha magari ya watu. Amewekeana dau kwamba atafika haraka kuliko inavyowezekana, polisi wanamwandama jimbo hadi jimbo, na mtangazaji kipofu wa redio anamwongoza kwa sauti. Mwishoni anajibamiza kwenye matingatinga yaliyoziba barabara. Kwenye banda la video tulilelewa na kanuni kwamba stelingi hafi. Hapa stelingi anakufa, tena kwa hiari yake, tena anatabasamu.

Naiheshimu picha hii, ila siipendi, na sababu yangu ndiyo ile ile. Kowalski hahusiani na Challenger kama mtu na kitu chake. Gari limegeuzwa wazo: ni uhuru, ni kasi, ni Marekani iliyochoka na vita. Wazo haliishiwi grisi. Nimeona vijana wenzangu wakiupenda sana utunzi wa namna hii kwa sababu unaruhusu kusema mambo makubwa bila kujua mambo madogo. Cabrera Infante ana kipaji cha kuubeba. Sisi wengine tukiuiga tunabaki na hewa.

Sasa njoo kwenye riwaya. Stephen King alitoa Christine mwaka 1983, na mwaka huo huo John Carpenter akaitoa kama picha. Kijana wa shule, Arnie Cunningham, mnyonge, mwenye chunusi, analiona Plymouth Fury la mwaka 1958 limeoza kwenye uwanja wa mzee mmoja, analipenda papo hapo na kulinunua. Anakodi nafasi kwenye gereji na kuanza kulifufua. Gari lina mzuka. Linaua watu, na likipondeka linajinyoosha lenyewe, mita ya maili inarudi nyuma, vioo vinajiziba.

Mabingwa wa magari wamemkosoa King kwamba gari lake lina milango minne wakati Fury ya mwaka 1958 ilitoka na milango miwili tu. Ni kweli. Lakini huo ni uhakiki wa kuhesabu milango, na haumfikishi mtu mbali. Tazama badala yake alivyoyatumia matengenezo. Rafiki wa Arnie, Dennis, ndiye anayesimulia sehemu kubwa ya kitabu, na kinachomtia wasiwasi mapema siyo damu. Ni kwamba ukarabati haufuati mpangilio. Kitu kidogo cha pembeni kimeshakuwa kipya, kitu kikubwa cha lazima bado kimevunjika. Hakuna fundi anayefanya kazi hivyo. Yaani King amelificha jini lake ndani ya utaratibu wa kazi, akijua kwamba msomaji aliyewahi kushika spana ataogopa kabla ya wengine. Hiyo ndiyo faida ya kujua.

Halafu ipo dhamira yake, na hii inaniuma zaidi. Gari linalojitengeneza ni ndoto ya kila mwenye gari bovu. Hakuna spea, hakuna deni, hakuna kuchubuka vidole. King anauliza: ukiipata ndoto hiyo utalipa nini? Arnie analipa kwa marafiki, kwa mpenzi, kwa wazazi, mwisho kwa nafsi yake. Ile kazi ya mikono aliyoikwepa ndiyo ingemfanya mtu. Ukimaliza Christine kisha ukatazama mfululizo wa akina Toretto, utagundua jambo. Kwenye ile picha ya kwanza, Charger limewekwa gerejini, alilijenga yeye na marehemu baba yake, na anakiri kwamba analiogopa. Pale ilikuwepo hadithi. Kwenye zilizofuata magari yanapondwa, yanalipuka, na picha inayokuja yako mazima yanang'aa. Ni Christine bila mzuka. King alijua kwamba jambo hilo ni la kutisha. Hawa wanatuuzia kama jambo la kawaida.

Nafika sasa kwenye kazi ninayoiona bora kuliko zote hizi. Two-Lane Blacktop ni ya mwaka 1971, ikiongozwa na Monte Hellman. Jarida la Esquire liliuchapa mwongozo wake mzima na kuitangaza picha ya mwaka kabla haijatoka. Ilipotoka, watu hawakwenda. Naelewa kwa nini. Wahusika hawana hata majina: Dereva, Fundi, Msichana. Dereva na Fundi, walioigizwa na wanamuziki James Taylor na Dennis Wilson, wanazunguka nchi na Chevrolet la mwaka 1955 lililopakwa praima ya kijivu tu, rangi hawakuhangaika nayo. Ndani limetiwa injini kubwa. Wanaishi kwa kuwachokoza vijana wa kila mji washindane nao kwa pesa. Hawaongei ila kuhusu gari, na hawaongei sana.

Njiani wanakutana na mtu wa makamo, Warren Oates, mwenye Pontiac GTO mpya ya mwaka 1970. Picha inamwita kwa jina la gari lake, GTO. Yeye ni kinyume chao kwa kila kitu. Gari lake limetoka dukani limekamilika, na mdomo wake haufungi. Kila anayempa lifti anampigia fiksi mpya: gari nililipataje, mimi ni nani, natoka wapi. Wanawekeana dau kukimbizana hadi Washington, na atakayeshinda anachukua kadi ya gari la mwenzake. Yaani anayeshindwa anabaki na miguu yake.

Wewe ungedhani picha nzima itakuwa ya mbio. Wapi! Wanasimama kula, wanasaidiana kuendesha, wanapotea kwenye mbio nyingine ndogo za kutafuta pesa ya mafuta. Hakuna anayefika Washington. Lakini boneti inafunguliwa, tena na tena, na kila inapofunguliwa unawajua watu hawa zaidi. Kuna sehemu moja karibu na mwisho ambayo ningetoa kidole niwe nimeiandika mimi. Msichana amekwishawachoka wote. Dereva, ambaye picha nzima hajaweza kutamka neno la mapenzi, anamwambia twende Columbus, Ohio, kuna spea za kuchukua. Basi. Huo ndio moyo wake wote, ameutoa kwa lugha pekee anayoijua. Msichana anapanda pikipiki ya mtu asiyemjua na kwenda zake.

Na GTO? Anawapa lifti wanajeshi wawili, anawasimulia jinsi alivyolishinda gari hili alilokalia: eti alikuwa na Chevrolet la mwaka 1955 alilolijenga kwa mikono yake... ngoja nimalizie, maana ndipo utamu ulipo. Anawaambia kwamba kwa Chevrolet hilo aliishinda GTO kwenye mbio za kuvuka nchi, na hii GTO ndiyo zawadi. Ameyachukua maisha tuliyoyaona kwa macho yetu, ameyapinda, ameyafanya hadithi. Papo hapo, mbele yetu, jamaa amekuwa mwanariwaya.

Hapa ndipo picha hii inapotuhusu sisi wa kurasa hizi. Dereva na Fundi wanajua kila kitu na hawana hadithi hata moja. GTO ana hadithi kwa kila abiria, na injini haijui. Hellman hasemi nani bora. Ukipiga fiksi bila kujua injini, hata wanajeshi wa lifti watakushtukia siku moja. Ukijua injini bila kuweza kusimulia, utamwambia mtu twende tukachukue spea naye asielewe kwamba umemwambia nakupenda. Mwandishi ni mtu anayejaribu kuwa wote wawili, akiwa na kalamu moja.

Kasoro ninayoiona kwake ni Msichana. Kwenye hadithi nyingi nilizozitaja, mwanamke ni abiria, au ni sababu ya wanaume kuchukiana, au, kwa King, ni gari lenyewe. Hali halisi imewaacha watunzi nyuma. Shirley Muldowney alianza kwa mbio za mitaani huko Schenectady, New York, akapata leseni ya daraja la juu kabisa la mbio za robo maili mwaka 1973, akawa bingwa wa daraja hilo mwaka 1977, 1980 na 1982. Hollywood ilimtengenezea picha mwaka 1983, Heart Like a Wheel. Kwa hiyo mfano upo, miaka zaidi ya arobaini sasa. Anayeandika leo hana kisingizio.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi riwaya iwe kitabu cha mafunzo ya ufundi. Ukurasa mzima wa namba za bolti haumfai mtu. Nasema kwamba kitu ambacho mhusika anakipenda lazima kiwe na uwezo wa kuharibika, na lazima tuone nani anakitengeneza, kwa pesa gani, kwa mikono ya namna gani. Bila hivyo mapenzi yake ni maneno ya mtunzi tu.

Sasa tutazame hadithi tunazosomeana sisi wenyewe vijiweni. Gari lipo tele. Ni Benzi la bosi: linakuja, linaegeshwa, mlango unafunguliwa, mrembo anashuka. Basi, kazi ya gari imekwisha. Daladala nayo inaingia ili konda atuchekeshe. Wakati huo huo, mtaa wa pili kutoka hapo unapoandikia, chini ya mwembe, kuna watu wameshusha injini ya Toyota kwa mnyororo na gogo, wanabishana kama gasketi imeungua au kichwa kimepinda. Wanabishana kwa Kiswahili. Kuseti tapeti, kupiga stata, injini inamisi, gari linakula oili: maneno hayo yameshazaliwa, yanafanya kazi toka asubuhi mpaka jioni, hayajasubiri kamati wala kamusi. Sisi tunayapita tukienda kutafuta maneno mazuri zaidi ya kuandikia kuhusu mwezi.

Wamarekani walikuwa na magari yao kwa miaka kama kumi tu, na wakapata walau kazi mbili ambazo mtu mzima anaweza kuzisoma au kuzitazama bila aibu. Sisi tumezungukwa na gereji tangu tuzaliwe. Mimi niko sura ya nne ya riwaya yangu, na mhusika wangu amelala chini ya gari tangu sura ya pili. Mwenye gari amekuja mara mbili kumwuliza litatoka lini. Bado hajamjibu, kwa sababu hata mimi nasubiri anieleze tatizo ni nini.